Saa Nane Mchana, Saa Nane Usiku

Mjukuu wangu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhandisi wa umeme. Alipokuja likizo alinikuta barazani nagombana na mita ya LUKU. Nilikuwa nimekwisha kuziingiza zile tarakimu 20 mara mbili, na mara zote mbili mita ilinikatalia. Akaipokea karatasi, akazisoma polepole, akagundua kwamba macho yangu yalisoma 6 mahali palipoandikwa 8. Alipoziingiza yeye, taa zikawaka. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonikalisha chini kuandika kurasa hizi: "Babu, unajua kwamba humo ndani mna kompyuta?"

Sikujua. Kwa watu wa rika langu kompyuta ni kile chombo chenye kioo na vitufe, kinachofunikwa kitambaa ofisini ili kisiingie vumbi. Akanieleza kwamba kompyuta zilizo nyingi zaidi duniani hazina kioo wala hazifunikwi kitambaa. Zimepachikwa ndani ya vitu vingine, kila moja na kazi yake: ndani ya mita, ndani ya gari, ndani ya mashine ya kufulia nguo, ndani ya pampu ya petroli. Kompyuta ya namna hiyo haijui kuandika barua. Inajua kazi moja, na inaifanya usiku na mchana bila mtu kuiangalia. Akaniambia kuwa yeye na wenzake wana klabu ya kubuni vidude hivyo, na kwamba hukutana jioni na siku za Jumamosi katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu.

Mimi niliyekuwa mwalimu kwa miaka 37, swali langu la kwanza lilikuwa la kiualimu. "Mlezi wenu ni nani? Anawasimamia vipi?"

"Yupo mhadhiri mmoja," akasema. "Anatupa ufunguo, halafu anakwenda zake."

Jibu hilo lilinichoma, na sababu yake nitaieleza mbele. Kwanza niseme kwamba somo langu lilikuwa historia, na mwalimu wa historia hata akistaafu haponi ugonjwa wa kuuliza nani alianza. Nilimwuliza mjukuu wangu klabu za namna hii zimeanzia wapi. Akaniletea kitabu cha Steven Levy kiitwacho Hackers, kilichotoka mwaka 1984, nikakisoma kwa lenzi na kamusi kwa muda wa majuma matatu. Baadaye akanisomea na mambo mengine. Haya ninayoyasimulia ni yale niliyoyapata humo, nikayachuja kwa akili ya mzee.

Habari yenyewe inaanzia kwenye treni za kuchezea. Usicheke, ndugu msomaji.

Mwaka 1946, Vita Vikuu vya Pili vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, wanafunzi wa chuo cha MIT, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, walianzisha klabu ya reli za mfano. Jina lake ni Tech Model Railroad Club, na ipo mpaka leo. Makao yake yalikuwa ndani ya Jengo Namba 20. Jengo hilo lilijengwa kwa mbao mwaka 1943, haraka haraka, kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita, na ilikusudiwa libomolewe mara vita vitakapokwisha. Halikubomolewa hadi mwaka 1998. Kwa miaka 55 banda lile la muda liliendelea kuwapokea watu ambao majengo mazuri hayakuwa na nafasi yao, na kwa kuwa lilihesabiwa kuwa banda, hakuna aliyelalamika mtu akitoboa ukuta kupitisha waya. Hata wataalamu wa isimu, ambao vitabu vyao vilitusumbua sana katika masomo ya lugha, walikuwa na vyumba humo. Nimewahi kuongoza chuo chenye majengo ya mawe yaliyojengwa na Wajerumani, ambamo kupigilia msumari kulihitaji kibali. Sasa najiuliza ni lipi kati ya majengo hayo lililokuwa bora kwa mwanafunzi.

Chumba cha klabu kilijaa meza moja kubwa mno. Juu yake palikuwa na vilima, vijiji, viwanda na reli, vyote vimepunguzwa mara 87, na vitreni vinavyokwenda kwa umeme. Wanachama waligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipenda mambo ya juu ya meza: kupaka rangi mabehewa, kutengeneza miti, kukumbuka historia ya kampuni za reli. Kundi la pili lilijiita kamati ndogo ya ishara na umeme, na maisha yake yote yalikuwa chini ya meza. Huko chini kulikuwa na msitu wa waya, swichi na vyombo vya simu, na ndiko walikolala chali vijana wenye pasi za kulehemu mkononi hadi alfajiri.

Walikuwa wakifanya nini? Hapa sina budi kumleta marehemu baba yangu, kwa sababu bila yeye nisingeelewa ukurasa huo.

Baba alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, kwenye stesheni ndogo ya Reli ya Kati, upande wa Itigi. Kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo mrefu wa chuma uliobadilisha njia treni zinapopishana. Njia ni moja, treni ni mbili, na katikati ya pori hakuna pa kupishana. Kwa hiyo hakuna treni iliyoondoka mpaka mkuu wa stesheni awe amezungumza kwa simu na stesheni ya mbele na kuhakikisha kwamba kipande kile cha reli ni kitupu. Baba alikuwa akituambia kwamba kazi ya reli si kuendesha treni, ni kukumbuka. Lazima awepo mtu anayekumbuka nani yuko kwenye kipande gani. Akisahau, watu wanakufa.

Vijana wale wa MIT walikuwa na tatizo hilo hilo kwa ukubwa wa meza. Kitreni cha mfano hupata umeme kutoka kwenye reli yenyewe. Ukitaka madereva kadhaa waendeshe treni kadhaa kwa wakati mmoja, lazima reli ikatwe vipande, na kila kipande kiunganishwe na usukani wa yule dereva ambaye treni yake ipo hapo. Treni ikisogea kipande cha pili, muunganisho nao usogee. Kufanya hivyo kwa mikono haiwezekani. Wao wakaamua kwamba vyuma vyenyewe ndivyo vikumbuke.

Chombo walichokitumia ni kile ambacho mafundi wa magari hukiita rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ukipitisha umeme kwenye koili, sumaku inavuta kipande cha chuma na swichi inafunga. Mpaka hapo ni jambo dogo. Lakini ukiiunganisha rilei ili umeme unaoishikilia upite kwenye swichi yake yenyewe, basi ikishavutwa mara moja itajishikilia hata ukiondoa kidole. Itabaki hivyo mpaka mtu aukate umeme. Kwa maneno mengine rilei hiyo inakumbuka. Inakumbuka jambo moja tu, ndiyo au hapana, kuna treni au hakuna. Lakini ukiwa na rilei mia kadhaa una kumbukumbu ya stesheni nzima.

Rilei hizo walizipata bure. Mwalimu aliyekuwa mshauri wa klabu ndiye aliyesimamia mitambo ya simu ya chuo, na kampuni za simu za Marekani zilikuwa na utaratibu wa kuvigawia vyuo vifaa. Hivyo vyombo vilivyotengenezwa kuunganisha simu za watu vikaunganisha madereva na treni zao. Dereva alikuwa akizungusha namba kwenye simu ya kizamani ili kuchukua kipande cha reli. Mjukuu wangu aliniambia kwamba huo ndio mfumo uliopachikwa hasa, kompyuta isiyojulikana kuwa kompyuta, ila tu umetengenezwa kwa vyuma vinavyopiga makelele.

Kanuni moja ya klabu hiyo imenikaa moyoni. Mwanachama mpya alifanya kazi kwenye reli kwa saa 40, na akizitimiza alipewa ufunguo wa chumba. Hakuulizwa mtihani alipata ngapi. Saa 40 za lehemu, basi, chumba ni chako, ingia hata saa nane za usiku.

Kati ya waliopewa ufunguo alikuwamo Peter Samson, aliyeingia chuoni mwaka 1958. Huyu mwaka 1959 alikusanya kamusi ndogo ya maneno ya klabu. Mwalimu yeyote anajua kwamba wanafunzi wanapoanza kuwa na msamiati wao, kuna jambo zito linaendelea. Katika maneno yao lilikuwamo hack, kwa maana ya kazi inayofanywa kwa ufundi na kwa raha ya kuifanya, pasipo faida inayoonekana, na aliyeifanya aliitwa hacker. Leo neno hilo limekuwa jina la wezi wa siri za benki, na kwa Kiswahili twawaita wadukuzi. Lakini lilizaliwa chini ya meza ya treni, na lilikuwa jina la heshima.

Wakati ule MIT ilikuwa na kompyuta kubwa ya IBM, aina ya 704. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuigusa. Alitoboa kadi zake, akazikabidhi dirishani kwa watumishi wa mashine, akarudi baadaye kuchukua majibu, na akiwa amekosea nukta moja alianza upya. Nilipoyasoma haya niliwakumbuka makarani wa masijala zetu. Vijana wa klabu waliwachukia watumishi wale kwa moyo wote.

Mwaka 1958 ikaja mashine nyingine, TX-0. Ilikuwa imetengenezwa katika maabara ya kijeshi ya Lincoln mwaka 1956, kwa transista badala ya vali za kioo, nayo ililetwa MIT kwa mkopo. Mtu aliandika jina lake kwenye orodha, na zamu yake ikifika alikaa mbele ya mashine peke yake, akaiendesha kwa mikono yake. Jack Dennis, aliyekuwa mwanachama wa klabu zamani na sasa ni mwalimu, aliwaruhusu vijana waitumie. Mchana ilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo vijana wakahamia usiku, na asiyekuwa na zamu alivizia mwenye zamu asitokee. Samson akaandika programu ya kupiga muziki wa Bach kwa spika ndogo iliyokuwa kwenye mashine, sauti moja moja. Mashine iliyotokana na fedha za ulinzi ikaimba usiku wa manane, na Dennis hakuwafukuza. Huyu ndiye mtu ambaye katika habari nzima nimemwonea wivu zaidi.

Mwaka 1961 kampuni ya Digital Equipment Corporation iliwapa kompyuta yake mpya, PDP-1, ambayo bei yake ilikuwa dola 120,000. Mwaka uliofuata, 1962, Steve Russell na wenzake waliandika mchezo uitwao Spacewar, ambamo merikebu mbili za angani zinapigana kwenye kioo cha duara kuzunguka nyota inayozivuta. Russell alikuwa akikawia kuianza kazi hiyo, akidai hana hesabu za saini na kosaini. Alan Kotok, mwana klabu, akaenda mpaka kwenye kampuni, akarudi na kanda za hesabu hizo, akamkabidhi. Hapo udhuru ukawa umekwisha! Samson akaweka nyuma ya merikebu ramani ya nyota za kweli.

Lakini kinachonigusa mimi si mchezo. Ni kwamba wachezaji walikuwa wakiumia viwiko kwa kubonyeza swichi zilizokuwa kwenye uso wa mashine, na aliyekaa karibu na kioo alimzidi mwenzake. Kotok na Bob Saunders wakaenda kwenye chumba cha reli, wakaokota mbao, vipande vya bakelaiti na swichi za treni, wakatengeneza visanduku viwili vya kushika mkononi. Watoto wote duniani wanaoshika kidude cha mchezo wa televisheni leo wanashika kitukuu cha visanduku hivyo. Baadaye Kotok aliajiriwa na kampuni ile ile, akawa miongoni mwa wabunifu wa mashine zake kubwa, PDP-6 na PDP-10.

Nisiwapambe kupita kiasi. Wapo walioshindwa masomo kwa sababu ya mashine ile. Walikuwa vijana wa kiume watupu, au karibu watupu, na sidhani waliliona hilo kuwa upungufu. Fedha zilizowazunguka zilikuwa za vita, na mali waliyoichezea ilikuwa ziada ya nchi tajiri. Tanganyika mwaka 1958 isingeweza kuwa na rilei mia za kugawa kwa wacheza treni. Nayasema haya kwa sababu wazee wenzangu hupenda kusema kwamba Wazungu wanagundua kwa kuwa wana akili za ajabu. Walikuwa na akili, naam. Lakini walikuwa pia na stoo iliyojaa, na mtu wa kuwaachia ufunguo.

Na wanawake walikuwa wapi? Walikuwapo, mahali pengine. Mwaka 1961 maabara ya vyombo ya MIT, chini ya Charles Stark Draper, ilipewa kazi ya kubuni kompyuta ya kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Hiyo inahesabiwa kuwa mzazi wa kompyuta zote zilizopachikwa: ilikaa ndani ya chombo, ilikuwa na uzito wa kilo 30 na ushei, na haikuwa na kazi nyingine duniani wala mbinguni ila kukiongoza chombo kile. Programu zake hazikuandikwa kwenye kanda. Zilisukwa. Kulikuwa na vipete vidogo vya sumaku, na waya mwembamba ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita kando yake ni sifuri. Maneno 36,864 ya programu yalisukwa hivyo, kwenye kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, na wasukaji walikuwa wanawake. Mama yangu alikuwa akisuka mikeka, na kila ukili una hesabu yake, juu mbili chini moja, na ukikosea unafumua. Tarehe 20 Julai 1969, saa tano na dakika 17 usiku kwa saa zetu, chombo kilipotua mwezini, nilikuwa bwenini tumezunguka redio moja. Hakuna aliyetuambia kwamba chombo kile kilikuwa kimeongozwa na kitu kilichosukwa.

Yaliyofuata yalikwenda mbio na nitayapita mbio. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu iitwayo 4004, yenye transista 2,300, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine za kupigia hesabu za kampuni ya Kijapani. TX-0 nzima, iliyojaza chumba, ilikuwa na transista zipatazo 3,600. Baadaye kumbukumbu na akili vikaunganishwa kwenye chipu moja, na bei ikashuka mpaka ikafaa kuwekwa ndani ya kibanio cha mlango. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea, Italia, walimu na wanafunzi wa chuo cha ubunifu wakatoa kibao kiitwacho Arduino, kwa nia kwamba mwanafunzi asiyekuwa mhandisi naye aweze kukitumia. Mei 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake, mchemraba wa sentimita 10, iliyoachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Na klabu ile ya reli, iliyohamishwa Jengo Namba 20 lilipokaribia kubomolewa, siku hizi inaongoza vitreni vyake kwa chipu hizo hizo. Wameweka hata mfano wa jengo refu la chuo chao ambalo madirisha yake huwaka na kuzimika, na unaweza kucheza mchezo wa Tetris juu yake. Hawajakua, na heri yao.

Sasa nifike kwenye yangu.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Nilikuwa na umri wa miaka 37, baadhi ya wakufunzi walikuwa wakubwa kwangu, na nilikuwa naogopa sana kuonekana mdogo. Wanafunzi watatu wa mkondo wa sayansi waliomba stoo iliyokuwa nyuma ya karakana ya useremala waitumie kwa klabu ya redio. Niliwakubalia bila kufikiri. Baada ya miezi michache walikuja na jambo: wametengeneza kengele inayojipiga. Mpaka hapo kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni, na kiranja aliigonga kwa nondo.

Mtambo wao ulikuwa saa ya mezani iliyovuliwa kioo. Walipigilia misumari midogo ya shaba kwenye uso wake. Mshale mdogo ukigusa msumari wa saa, na mkubwa ukigusa msumari wa juu, umeme wa betri ulipita, ukavuta rilei iliyotolewa kwenye lori bovu, na rilei ikawasha honi ya lori hilo hilo. Saa mbili asubuhi, masomo. Saa nne, chai. Saa nane mchana, kazi za mikono. Kwa saa ile ile, saa mbili usiku honi iliwaita kujisomea, na saa nne usiku iliwaambia wazime taa. Yaani vituo vitatu vilifanya kazi ya vitano. Baada ya saa nne usiku kiranja wao alichomoa waya mmoja, na asubuhi akaurudisha. Majuma mawili mambo yalikwenda vizuri, nami nilimwonyesha mkaguzi kwa fahari.

Usiku mmoja kijana wa zamu alipatwa na homa, akapelekwa zahanati. Waya haukuchomolewa.

Saa nane usiku honi ya lori ililia katikati ya chuo. Wakati ule tulikuwa tumevamiwa na wezi mara mbili. Watu walitoka na mapanga, wengine na nguo za kulalia, na mke wa mkufunzi mmoja alianguka mtaroni gizani akavunjika mkono. Asubuhi nilifunga stoo kwa kufuli yangu mwenyewe. Niliwaita ofisini, nikawapa wiki mbili za kufyeka, na nikaandika barua kwenye majalada yao. Mmoja wao, yule aliyekuwa kichwa cha kazi, nilikuwa nimempendekeza abaki chuoni kama msaidizi wa maabara. Nililifuta jina lake. Akaniambia, bila ujeuri wowote, "Mwalimu, tupe wiki moja. Kosa tumelijua." Nikamwambia atoke.

Nilimsimulia mjukuu wangu haya kwa mara ya kwanza maishani, na nilitarajia acheke honi. Hakucheka. Akachukua kalamu akachora duara nyuma ya risiti ya umeme. "Babu, saa yao haikuwa na kosa. Saa ya mezani inazunguka mara mbili kwa siku. Saa nane ya mchana na saa nane ya usiku kwake ni kitu kimoja. Sisi tunatofautisha kwa neno, yenyewe haina neno. Walihitaji kumbukumbu ya kitu kimoja tu: ni mchana au ni usiku. Rilei moja zaidi. Au hata gurudumu tu."

Gurudumu. Nilipolisikia neno hilo nilikumbuka kwamba kijana yule, akiwa amesimama mlangoni, alitaja gurudumu, nami sikumsikiliza.

Haikuwa vigumu kumpata. Alifundisha shule za msingi miaka yake yote, mkoani kwao, na amestaafu kama mimi. Mwalimu mmoja alinipa namba yake. Niliiweka mezani siku nne.

"Shikamoo Mwalimu," akasema, alipokwisha kunitambua.

"Marahaba. U hali gani?"

Tulizungumza mvua, na magoti, na watoto. Kisha nikamweleza kwamba nimekuwa nikisoma habari za vijana fulani wa treni, na kwamba nilikosea mwaka ule, na ninamwomba radhi. Akanyamaza kidogo. Akasema kwamba mama yule alivunjika mkono, na hilo lilikuwa kosa lao, hata yeye angeifunga stoo. Ila barua ile, akasema, hakuielewa.

"Hata mimi siielewi," nikamjibu. Kisha nikamwuliza habari ya gurudumu.

"Lilikuwa tayari, Mwalimu. Nililikata kwa bati la debe, meno 24, la kushikana na lingine la meno 12. Lingezunguka mara moja tu kwa siku, na nusu yake ya usiku nimeipaka nta ili umeme usipite. Nililisugua kwa tupa siku mbili. Lilikuwa mfukoni mwangu siku ile ulipotuita ofisini."

Nikamwuliza lilikwenda wapi.

"Nilimfungia mtoto wangu wa kwanza kwenye kigari chake," akasema. "Lilizunguka vizuri tu."